Msimu wa Kumsamehe Papa

Jumatatu, 8 Septemba

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ofisini hakuna hata mmoja anayekijua, na nina mengi ya kusema juu yao.

Leo Ghislain, mkurugenzi wetu, kaingia mkutanoni na soksi zenye picha za papa. Vipapa vidogo vya buluu, vinacheka. Mtu mzima, mwenye mvi. Anaongoza shirika la kutetea bahari, na bahari yenyewe anaijua ile ya Ostend, hapa Ubelgiji, tu, kutoka kwenye kiti cha mkahawa, koti mwilini. "Marafiki," akasema, "huu ni msimu wetu."

Maana yake ni hii. Mwanzoni mwa Desemba kamati moja ya Bunge la Ulaya itawasikiliza mashahidi kuhusu Reunion, kisiwa cha Wafaransa kule Bahari ya Hindi. Papa wamewauma watu wanaopanda mawimbi kwa ubao, wengine wamekufa. Watu wa mahoteli wanataka fedha za Ulaya zitumike kuwavua papa hao mpaka wapungue. Sisi tunapinga. Kati yetu na wao wamekaa wabunge ambao papa wamemwona kwenye katuni.

Kazi yangu mimi ni kuandika maneno ambayo wengine watayasema kana kwamba ni yao. Nimezaliwa Buyenzi, Bujumbura. Kwetu kiboko akitoka ziwani akamkanyaga mtu, tunazika, kisha tunarudi kuteka maji palepale. Hakuna kamati iliyowahi kutuita.

Alhamisi, 11 Septemba

Mvua. Soksi zilezile.

Ijumaa, 19 Septemba

Tafrija karibu na Schuman, mtaa wa ofisi za Ulaya. Vipande vya mkate vyenye ukubwa wa stempu, na juu yake kitu cha kijani ambacho hakuna aliyekiuliza jina. Kila mtu anazungumza na wewe huku akitazama nyuma ya bega lako kama kuna mkubwa zaidi anayeingia.

Upande wa pili, yaani upande wa mahoteli, anausemea Kabeya. Nilijua nitamkuta. Mtu wa Lubumbashi, kasoma sheria hapa hapa Brussels, anavaa viatu vya rangi ya chungwa na anavitazama anapotembea. Kwa miaka nimemwona mtaani Ixelles akiwatetea leo wauza saruji, kesho wauza sigara. Sasa ni wauaji wa samaki.

"Maman Rukiya!" akaniita kutoka mbali. "Alors, njo munalinda bapapa?" Kwao Katanga papa ni baba, samaki huyu wanamwita kwa Kifaransa tu. "Na sisi bapapa ba ku Lubumbashi, nani atatulinda?"

"Wewe umelindwa na viatu vyako," nikamwambia. "Hakuna samaki atakayevigusa."

Akacheka kwa moyo wote, jambo lililoniudhi zaidi. Waafrika wawili katika ukumbi wa Wazungu, tunagombania samaki wa Wafaransa. Nikaondoka mapema.

Jumanne, 30 Septemba

Hazina ya Ghislain imewasili. Anaitwa Ludovic, kijana wa Reunion. Papa alimkata mguu chini ya goti miaka miwili iliyopita. Amejulikana kwa video aliyorekodiwa hospitalini, amelala kitandani, anasema: "Nimemsamehe." Video hiyo imezunguka dunia. Ghislain huitazama na kufuta macho.

Nimsifu kwa lipi? Papa hakumwomba msamaha. Mtu anaruka kwenye wimbi mahali penye bango la marufuku, anaumwa na mwenye nyumba, kisha anamsamehe mwenye nyumba.

Nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege, Zaventem. Alisema "Bonjour madame," akalala ndani ya gari mpaka Ixelles, mdomo wazi.

Ijumaa, 3 Oktoba

Tumeanza hotuba.

"Siku ile bendera ya ufukweni ilikuwa ya rangi gani?" nikamuuliza.

"Nyekundu."

"Na uliijua maana yake?"

"Kila mtu anaijua."

"Ukaingia."

"Mawimbi yalikuwa mazuri," akasema, kama mtu anayeeleza kwa nini alichukua koti.

Nimeandika ukurasa mzima kuhusu uzuri wa viumbe vya baharini. Ghislain anasema una roho. Nilifikiri juu ya chakula cha jioni nilipokuwa nauandika.

Jumanne, 14 Oktoba

Mgomo. Hakuna metro. Nimekwenda kazini kwa miguu kutoka kwetu Saint-Josse, mvua ya rasharasha inayoingia hadi kwenye mifupa bila hata kukulowesha vizuri. Hata mvua ya mji huu haina msimamo.

Jumatano, 15 Oktoba

Mazoezi ya hotuba. Kijana hasemi kamwe neno "papa". Anasema "kile kitu". Tukifika kwenye sentensi ya msamaha anatazama dirishani na kuitoa haraka, kama mtoto anayemaliza sura aliyokaririshwa. Ghislain anapiga makofi, peke yake.

Jumatano, 22 Oktoba

Mume wangu, Abdul-Aziz, ana duka la simu hapa chini ya nyumba yetu, na kila mteja anapewa maoni bila kuomba. Leo mezani zamu ilikuwa yangu.

"Huyo kijana wenu," akasema. "Mguu umekatwa, damu inamwagika, yuko mbali na nchi kavu. Nani alimtoa?"

"Sijui."

"Wiki ya tatu hii unamwandikia maisha yake, Mama Latifa, na hujui nani alimtoa majini?"

Nilimjibu vibaya. Lakini ofisini faili linasema "alisaidiwa kufika ufukweni", basi, bila jina la mtu. Nilipomuuliza Ghislain, aliinua kikombe chake cha kahawa. "Hilo si sehemu ya simulizi yetu, Rukiya."

Jumanne, 4 Novemba

Leo kuna la kuandika.

Nilipanda basi Porte de Namur saa tisa alasiri, limejaa wanafunzi na mikoba yao ya mgongoni. Kiti cha nyuma alikuwa Kabeya, na pembeni yake mwanamke mwembamba wa makamo, amevaa koti zito la kuazima ambalo mikono yake imezidi vidole. Nikajifanya sijamwona.

"Maman Rukiya, usijifiche, basi iko ndogo. Huyu ni Maman Graciella. Ametoka ku Reunion. Njo shahidi wetu."

Yule mama alinitazama. Akaniuliza kwa Kifaransa, taratibu: "Wewe ndiye unayemwandikia Ludovic?"

Nikakubali.

"Basi muulize, siku ya misa ya mtoto wangu alikuwa wapi."

Nikamwambia sielewi. Kabeya akaanza kusema kitu, mama akamwekea mkono kwenye goti, akanyamaza. Kisha akanieleza, bila kupaza sauti, huku basi likisimama na kuondoka. Mwanawe aliitwa Emrick. Yeye na Ludovic walikua pamoja, nyumba mbili tofauti na sufuria moja. Siku ile waliingia wote wawili. Ludovic alipoumwa, Emrick alikuwa amekaribia kabisa ufukwe, watu walimwona. Akageuka. Aliyetoka ni Ludovic, amelala juu ya ubao wa Emrick. Emrick hakutoka. Hakuna kilichopatikana cha kuzika. Walifanya misa mbele ya picha.

"Anamsamehe papa," akasema. "Asamehe mguu wake, ni wake. Mtoto ni wangu. Nani kampa ruhusa ya kusamehe kwa niaba yangu?"

Vituo viwili vilikuwa vimepita baada ya kile nilichotaka kushuka. Nikashuka cha tatu, nikarudi kwa miguu.

Ijumaa, 7 Novemba

Ghislain alijua. Alijua tangu mwanzo.

"Ni habari ya kuhuzunisha sana," akasema, na akaweka ile sura yake ya huzuni, kichwa kimeinama upande kama kuku anayesikiliza. "Lakini kamati ina dakika chache. Shahidi mmoja, ujumbe mmoja. Kijana aliyekufa anauvuruga ujumbe."

Kijana aliyekufa anauvuruga ujumbe! Nilitaka kumtemea mate ndani ya kahawa yake. Badala yake nilirudi mezani kwangu nikarekebisha aya ya tatu kama alivyotaka. Kwa hiyo najidharau na mimi pia, iandikwe hapa, isiwe nawadharau wengine tu.

Jumanne, 11 Novemba

Sikukuu yao ya vita. Ofisi imefungwa. Nilimpelekea Ludovic pilau kwenye nyumba ya shirika anakolala, Ixelles. Mguu wa bandia ulikuwa umesimama kando ya radiata ya kupasha chumba joto, na kiatu chake. Alitaka kuuvaa haraka nilipoingia, nikamwambia aache.

Alikula nusu ya sahani kabla sijasema neno.

"Nimekutana na Graciella," nikasema.

Kijiko kikasimama. Nilingoja alie, au aondoke, au aanze kunipa falsafa za bahari. Alisema tu: "Yuko hapa?"

"Yuko hotelini, karibu na barabara ya Louise. Kwa nini hukwenda kwake, kule kwenu?"

Akakiweka kijiko chini, kisha yakatoka yote. Siku ya misa alikuwa bado hospitalini. Siku ya pili yake mwandishi wa habari aliingia na kamera, akamuuliza kama amemsamehe papa. Yeye alikuwa amelewa dawa za maumivu na alitaka yule mtu atoke chumbani. Akasema ndiyo. Alipozinduka sawasawa, watu elfu na elfu walikuwa wamekwisha kumwita shujaa. "Ningemwendea vipi baada ya hapo? Kila mahali nipo, nasamehe."

"Nenda sasa."

"Ghislain ameniambia nisionane na upande wa pili."

"Upande wa pili ni mama wa watu, Ludovic."

Akautazama mguu kando ya radiata. Wiki sita nilimwona kama mpumbavu aliyefuata wimbi. Mpumbavu ni kweli, kwa siku moja. Tangu hapo ni mtu aliyefungiwa ndani ya sentensi moja, na mimi ndiye niliyekuwa nikiipiga pasi sentensi hiyo kila asubuhi.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimempigia simu Kabeya. Sikuwahi kufikiri nitaandika hivyo. Nilimwambia kijana na yule mama lazima waonane.

"Bon, sikia," akasema. "Bapatron yangu pia balikataza. Banaogopa ule maman akimuona kijana atamuhurumia, hatasema tena baue basamaki. Na patron wako anaogopa kijana atalia. Donc bote bawili banaogopa kintu moya."

"Na wewe unaogopa nini?"

Nilisikia akihema. "Miye? Maman Rukiya, ule maman anakaa mu hôtel, anaangalia mulango. Kila siku nikifika anasimama, anazania ni mutu mwingine. Nimechoka kuwa ule mutu mwingine."

Nilimwambia ana roho kumbe, chini ya viatu. Akasema viatu ni vya kazi tu, nyumbani anavaa sandale.

Jumamosi, 22 Novemba

Tulikutana Matonge, mtaa wa Wakongo, katika mgahawa wa Maman Yolande, kabla hajafungua. Viti vilikuwa bado juu ya meza. Kabeya akashusha vinne. Jikoni kulikuwa na mtu anatwanga pondu, kisamvu chao. Graciella alifika wa kwanza akakaa akitazama mlango, kama Kabeya alivyosema, na mikono imepotea ndani ya lile koti.

Ludovic aliingia amelowa. Alisimama.

"Kaa," Graciella akasema.

Akakaa.

"Anza."

Hakuna aliyemwandikia. Alieleza vibaya, akirudi nyuma, akijisahihisha. Asubuhi ile Emrick alikuwa hataki kuingia, kwa sababu maji yalikuwa machafu baada ya mvua. Ludovic akamcheka mpaka akaingia. Kisha kile kitu kikaja. Ludovic akapiga kelele. Emrick akageuka, akamfikia, akampandisha juu ya ubao wake, na yeye mwenyewe akashuka majini, akawa anausukuma kwa nyuma.

"Nilimshika mkono. Hapa." Akagusa kifundo cha mkono wake. "Kisha akavutwa. Nikaachia."

"Uliachia, au alikuponyoka?"

"Niliachia. Niliogopa tutakwenda wote."

Jikoni kinu kikanyamaza. Kabeya alikuwa anatazama sakafu. Mimi nilitaka kusema kitu, kwa sababu ndiyo kazi yangu, kuweka maneno pale watu wanaposhindwa, na kwa mara ya kwanza maishani nikajizuia.

"Alisema nini?" Graciella akauliza.

"Wakati gani?"

"Alipokuwa anasukuma."

"Alikuwa ananitukana."

"Alisemaje?"

"Maman Graciella..."

"Nimekuuliza alisemaje."

"Alisema mimi punda. Alisema aliniambia tusiingie. Alisema tukifika nchi kavu ataniongezea, atauvunja na mguu huu mwingine. Hakunyamaza hata kidogo. Alitukana mpaka mwisho."

Graciella akacheka. Kicheko kilimtoka kifuani kwa nguvu hata akajifunika mdomo kwa lile koti, na mabega yakaendelea kutikisika, na sikujua tena kama ni kicheko.

"Huyo ndiye," akasema. "Huyo ndiye Emrick. Padri aliniambia alikufa kwa amani. Mtu wa televisheni akaniambia alikufa akiipenda bahari. Miaka miwili wananiletea maiti ya mtu nisiyemjua."

Akajifuta uso. Akamtazama kijana kwa muda, na uso ukabadilika, ukawa mgumu.

"Kwa hiyo uliachia."

"Ndiyo."

"Sikusamehe. Usiniombe."

"Sikuja kuomba."

"Vizuri."

Akasimama, akatoka nje, akasimama barabarani mvuani. Kabeya akamfuata na mwavuli. Mama akamsukuma mbali, yeye na mwavuli wake. Kabeya akabaki hatua chache kutoka kwake, mwavuli umefungwa, naye analowa, viatu na vyote.

Alhamisi, 27 Novemba

Ghislain ameuliza kama kijana "yuko tayari". Nimemwambia hajawahi kuwa tayari kama sasa.

Jumanne, 2 Desemba

Kamati. Ukumbi mkubwa, na wakalimani nyuma ya vioo. Wabunge kama thelathini hivi, nusu yao wanatazama simu. Mmoja alikuwa anamenya chungwa. Papa peke yake ndiye hakutuma mwakilishi.

Ludovic alipewa kipaza sauti. Mbele yake kulikuwa na hotuba yangu. Aliigeuza, akaiweka kifudifudi.

"Karatasi hii ni nzuri," akasema. "Imeandikwa na Madame Rukiya, naye anaandika vizuri. Lakini mimi sijamsamehe papa. Sijui hata kumsamehe samaki ni kitu gani. Bendera ilikuwa nyekundu nikaingia. Rafiki yangu alikataa, nikamcheka mpaka akaingia, akafa akinitoa mimi. Anaitwa Emrick. Mkitaka kuwaua papa, msiseme ni kwa ajili yangu. Mkitaka kuwaacha, msiseme ni kwa ajili yangu vilevile."

Ghislain, kando yangu, alitoa sauti ndogo kama tairi la baiskeli linalotoka upepo.

Kisha Graciella. Mkuu wa mahoteli alikuwa amekaa nyuma yake, tayari kutikisa kichwa kukubali.

"Wamenileta hapa niseme wauawe," akasema. "Mwaka wa kwanza nilitaka wauawe wote. Nilitaka bahari ikaushwe. Kila walipomvua papa mkubwa nilishuka bandarini, nikasimama wakimpasua tumbo. Mnajua kwa nini. Nilisimama pale nikingoja mwanangu. Hakukuwa na kitu. Samaki, magamba, mfuko wa plastiki. Wavuvi walinifahamu, wakawa wananisalimia. Nimekwisha simama vya kutosha. Amueni mnavyotaka, lakini mimi bandarini sirudi."

Yule wa chungwa aliacha kumenya. Hilo nalikiri. Kwa kitambo kidogo ukumbi ule ulikuwa na watu ndani yake. Kisha mwenyekiti akawashukuru mashahidi kwa "ushuhuda wao wa kugusa moyo", akatangaza mapumziko ya kahawa, na wote wakasimama kwa pamoja kama wanafunzi wanaosikia kengele. Waliporudi waliamua kuagiza utafiti mwingine. Utafiti! Kwa hiyo papa hawatauawa, wala hawatalindwa. Watatafitiwa, mpaka wabunge hawa wastaafu.

Kwenye ujia Ghislain alinishika kiwiko. "Umeniharibia kazi ya miaka yote."

"Hotuba ilikuwa na roho," nikamwambia. "Ulisema mwenyewe."

Akaniambia nisirudi ofisini. Sauti ilikuwa inamtetemeka, na nikaona kwamba anawapenda kweli hao papa, maskini, kama watu wengine wanavyompenda mtu wasiyewahi kukutana naye. Nusura nimwonee huruma. Kisha akamgeukia mbunge aliyekuwa anapita, akavaa tabasamu, na huruma ikaniisha.

Jumatano, 3 Desemba

Abdul-Aziz anasema nisimame dukani mpaka nipate kazi nyingine. Nimewatukana wateja wawili. Anasema nipumzike.

Ijumaa, 5 Desemba

Zaventem asubuhi. Ndege yao ilikuwa moja, kupitia Paris. Tikiti zilikatwa na pande mbili tofauti ambazo hazikuulizana. Kabeya alimleta Graciella, mimi nikamleta Ludovic. Kabeya alikuwa amevaa viatu vyeusi vya kawaida. Sikusema kitu, na yeye akaona kwamba sikusema kitu.

"Balinifukuza na mimi," akaninong'oneza.

"Utapata wauza sigara wengine."

"Eh, Maman Rukiya," akacheka. "Bado uko na sumu."

"Ninayo ya kutosha."

Graciella aliuvua ule mzigo wa koti, akamrudishia Kabeya. Ndani yake alikuwa mdogo sana. Hakumsalimu Ludovic. Tangu Matonge hawajaongea, labda hata Reunion hawataongea. Sijui, na safari hii hakuna anayenilipa niwaandikie. Mfanyakazi wa uwanja alileta kiti cha magurudumu. Ludovic akakikataa. Akavaa begi lake begani, likamvuta upande mmoja, akaanza kuchechemea kuelekea kwenye ukaguzi, akisimama kila baada ya hatua chache kulipandisha.

Graciella alikuwa amempita. Akasimama. Akarudi, akalitoa lile begi begani kwake bila kumtazama, akalitia kwenye bega lake mwenyewe, akageuka na kuondoka kwa mwendo wake wa haraka, wala hakumngoja.